Maji ya Seyyid Barghash: Kutoka Kisimani hadi Mferejini

Kila mifereji ya Mombasa inapokauka, nayo hukauka mara nyingi kuliko tupendavyo, visima hurudi katika mazungumzo. Watoto hutumwa na ndoo hadi kisima cha msikiti, wauza maji hupita na mikokoteni iliyosheheni mitungi ya lita 20, na wazee walioketi barazani husema kwamba zamani haya hayakuwako. Zamani ipi? Swali hilo ndilo lililotutuma kutafuta habari za jinsi maji ya kufungulia yalivyoanza katika Pwani hii. Utafutaji wenyewe ulitutoa Mombasa ukatufikisha Unguja, katika miaka ambayo miji hii miwili ilikuwa chini ya bendera moja nyekundu ya Seyyid.

Lugha yetu imeihifadhi sehemu ya habari hiyo. Wenzetu wa bara husema bomba. Sisi wa Pwani husema mfereji, na kwa asili mfereji ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, maji yakapita wazi yakionekana na macho. Jina hilo la njia likahama, likaja kuganda kwenye kile kichwa cha chuma tunachokizungusha kwa mkono.

Kabla ya mfereji kulikuwa na kisima, na kisima hakikuwa jambo dogo kwa mabibi na mababu zetu. Anayetembelea magofu ya Gede, karibu na Malindi, huvikuta visima kando ya msikiti mkuu na ndani ya majumba, na birika za kutilia udhu zilizojengwa kwa mawe na chokaa miaka mia tano na zaidi iliyopita. Miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji ule ni kushuka kwa maji ya ardhini. Mji wa Waswahili ulianza pale palipopatikana maji matamu, na maji yale yalipokwisha, mji nao ulikuwa hatarini.

Mji wa Unguja, ule tuuitao leo Mji Mkongwe, ulikua upesi mno kwa visima vyake. Umesimama juu ya rasi nyembamba ya mawe ya matumbawe, bahari upande mmoja na hori upande wa pili. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake huko kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa zilileta watu kwa maelfu. Nyumba zilibanana, makaburi yakawa kati ya nyumba, vyoo vikachimbwa hatua chache kutoka visimani. Matumbawe ni mawe yenye vinyweleo: kinachomwagwa juu huteremka chini, na aliyeko chini huyateka maji hayo kwa kata. David Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866, alilichezea jina la Zanzibar kwa Kiingereza hata likawa na maana ya mji wa uvundo. Kejeli hiyo haitupendezi, lakini hatuwezi kusema kwamba hakuwa na sababu.

Na maji yale yaliteka nani? Hapa tunaomba wasomaji wetu watuvumilie kidogo, kwa kuwa sehemu hii husahaulika pale sifa za wafalme zinaposomwa. Katika majumba makubwa, mwenye kwenda kisimani alfajiri na mtungi kichwani alikuwa, kwa kawaida, mwanamke mtumwa. Maji ya kupikia, ya kuoga, ya kufulia, ya kutawadhia wageni, yote yalipanda ngazi kwa shingo yake. Nyumba ya ghorofa tatu ina ngazi nyingi, na mtungi uliojaa haupumzishwi katikati ya ngazi. Bibi wa nyumba aliyaona maji yakiwa tayari ndani ya mtungi uliofunikwa kawa. Safari yake kutoka kisimani hakuijua.

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856, akirejea kutoka Omani. Ndani ya merikebu ile alikuwamo mwanawe Barghash, kijana wa takriban miaka 19, ambaye tangu siku hiyo hakuridhika kuona ndugu yake Majid anatawala. Mwaka 1859 alijaribu kuunyakua ufalme kwa nguvu, akisaidiwa na dada zake, akiwamo Bibi Salme ambaye baadaye aliandika habari zote hizo kwa Kijerumani. Alishindwa, baada ya mabaharia wa Kiingereza kuingia upande wa Majid, akapelekwa Bombay uhamishoni, akakaa huko kiasi cha miaka miwili.

Adhabu hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo iliyokuwa chuo chake. Bombay ya wakati ule ilikuwa imechoka kwa visima na matangi yaliyokauka kila mvua ikichelewa. Tangu 1856 ilikuwa ikijengwa boma katika bonde la Vihar, kaskazini mwa mji, ili maji yazuiwe yawe ziwa kisha yaletwe mjini kwa mabomba ya chuma. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1860, mfalme wetu mtarajiwa akiwa palepale mjini. Nyakati hizo India yenyewe ilikuwa imetoka tu katika maasi makubwa ya 1857, na utawala wake ukahamishwa kutoka kampuni ya wafanyabiashara hadi kwa Malkia Victoria. Barghash aliiona dola ya Waingereza kwa sura zake mbili katika mji mmoja: bunduki, na mabomba ya maji.

Aliporudi Unguja alinyamaza, akangoja.

Mwaka 1869 dunia nzima ilikuwa ikitazama Misri. Mwezi wa Novemba Mfereji wa Suez ulifunguliwa kwa sherehe zilizohudhuriwa na wafalme wa Ulaya, na watu wa Pwani hii, ambao kwa karne nyingi walikuwa wakisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi, wakasogezewa Ulaya ghafla. Lakini mwishoni mwa mwaka huohuo kiliingia Unguja kitu ambacho hakikuhitaji merikebu. Waba, ndio kipindupindu, ulikuwa umetembea nchi kavu. Tabibu Mskoti aliyekuwa akiishi Unguja, James Christie, aliifuatilia njia yake kwa kuwauliza wasafiri mmoja mmoja, na katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876 alieleza jinsi ugonjwa ulivyopita kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamasai hadi pwani, kwa miguu ya misafara. Maradhi hayohayo yalikuwa yamewaangamiza mahujaji kwa maelfu katika Hija ya 1865, mpaka mataifa yakakutana Istanbul mwaka uliofuata kujadili namna ya kuyazuia.

Unguja waba ulikaa miezi mingi. Watu walikufa mchana kwa usiku, na waliopigwa zaidi walikuwa maskini na watumwa, wale hasa waliokuwa wakinywa maji mabaya kuliko wote. Wakati ule waganga wengi wa Ulaya bado waliamini kwamba waba huletwa na hewa chafu. John Snow alikuwa ameonyesha London, mwaka 1854, kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja walikuwa wameyanywa maji ya pampu moja, lakini wengi hawakumsadiki mpaka alipokufa. Basi watu wa Unguja wasilaumiwe kwa kutojua kwamba adui alikuwa kisimani.

Majid alifariki Oktoba 1870, Barghash akakalia kiti cha enzi. Alirithi mji uliotoka msibani, na kabla hajamaliza miaka miwili ukaja msiba mwingine. Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, kisiwa ambacho hakina desturi ya tufani. Ilizamisha merikebu za Seyyid bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ilisalimika, na kuanzia hapo Pemba ndiyo iliyokuwa ghala ya karafuu. Mwaka uliofuata Waingereza walimlazimisha, kwa tishio la kuuzingira mji kwa manowari, kutia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko lao. Tumesikia mkataba huo ukisimuliwa kama huruma tupu ya Waingereza, na tumesikia pia ukisimuliwa kama uonevu mtupu kwa Seyyid. Sisi twaona kwamba soko lile lilistahili kufungwa hata kama mkono uliolifunga ulikuwa na tamaa zake. Utumwa wenyewe haukukoma siku ile. Unguja sheria haikuufuta mpaka 1897, na huku kwetu katika Pwani ya Kenya mpaka 1907.

Mfalme aliyepoteza merikebu, mikarafuu na soko, aliyedhaniwa amekwisha, ndiye aliyegeuka kuwa mjenzi. Fedha zilitoka forodhani, maana biashara ya pembe, karafuu na mpira wa miti iliongezeka baada ya Suez na baada ya meli za barua kuanza kufika kila mwezi kutoka Aden. Mwaka 1875 alialikwa Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria. London aliyoiona wakati wa kiangazi kile ilikuwa inamaliza kujengwa upya chini ya ardhi: mhandisi Joseph Bazalgette alikuwa amelaza mifereji mikubwa ya maji machafu baada ya uvundo wa mto Thames wa 1858 kuwatimua wabunge vikaoni. Kutoka huko alipitia Paris, mji uliokuwa umeanza karibuni kuletewa maji ya chemchemi kutoka mbali. Na alipokuwa hajatulia kutokana na safari hiyo, mwezi wa Oktoba, majeshi ya Khedive wa Misri yalishuka Barawa na Kismayu kumnyang'anya bandari zake za kaskazini. Waingereza walimshinikiza Khedive akayaondoa. Msaada wa aina hiyo una bei yake, na bei ile ilikuja kudaiwa.

Basi Seyyid akayaleta maji. Nje ya mji kuna chemchemi ambayo watu huita Chemchem tu, kana kwamba hapana nyingine duniani. Maji yake huchuruzika kutoka katika ardhi iliyoinuka, mbali na makaburi na vyoo vya mji, na kuinuka huko ndiko kulikokuwa siri ya kazi yote. Maji hayahitaji kusukumwa yakiwa yametoka juu na yanakwenda chini. Yanahitaji njia iliyofunikwa isiingie uchafu, yenye mteremko usiokatika hata mahali pamoja. Mtu akikosea kipimo cha mteremko kidogo tu katikati ya njia, maji husimama. Katika miaka ya 1880 maji hayo yalikuwa yakifika Mji Mkongwe, na yasimuliwa kwamba watu waliyachota bila kulipa, kwa kuwa Seyyid aliyatoa kuwa zawadi kwa raia wake.

Jambo hilo la kutolipa lina mizizi mirefu kwetu. Kila mtoto wa madrasa ameisikia habari ya kisima cha Ruma pale Madina, ambacho Sayyidna Uthman alikinunua kutoka kwa mwenyewe aliyekuwa akiyauza maji, akakiacha wazi kwa kila mtu. Ameisikia pia habari ya Bibi Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, na njia ya maji aliyowajengea mahujaji wa Makka. Mfalme Mwislamu aliyetaka kukumbukwa alijua ni kitu gani hasa cha kujenga.

Miaka ile mambo mapya yalikuja kwa kufuatana. Waya wa simu ya maandishi kupitia chini ya bahari ulifika kutoka Aden mwaka 1879. Seyyid aliweka mtambo wa kuchapa vitabu vya dini. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib ilikamilika, na taa zake za umeme zikawafanya watu wakusanyike usiku kuzitazama. Wageni waliandika sana habari za taa zile, lakini waandishi hao hawakuwa wakipanda ngazi na mitungi.

(Tuseme neno moja kuhusu Bububu, kitongoji cha kaskazini ambacho chemchemi zake nazo ziliungwa katika maji ya mji baadaye. Wengi husema jina hilo ni sauti ya gari moshi la Wamarekani lililokuwa likienda huko mwanzoni mwa karne ya 20. Hadithi hiyo ni tamu, ila Bibi Salme alikuwa na shamba Bububu na alilitaja jina hilo katika kitabu chake cha 1886, gari moshi lile likiwa halijazaliwa. Wasemao kwamba ni sauti ya maji yanayobubujika wana hoja yenye nguvu zaidi.)

Mwaka 1884 tabibu Mjerumani Robert Koch, baada ya kuufuata waba Misri na kisha Calcutta, alitangaza kwamba amekiona kijidudu kinachouleta, na kwamba hukaa majini. Unguja tayari ilikuwa ikinywa maji ya chemchemi.

Lakini mwezi wa Novemba mwaka uleule, mataifa ya Ulaya yaliketi Berlin kuzungumza juu ya Afrika, na Seyyid hakuwa na kiti katika mazungumzo hayo. Wakati wakizungumza, Karl Peters alikuwa akizunguka Usagara na jirani zake akikusanya misalaba ya machifu kwenye karatasi za Kijerumani. Seyyid alipopinga, manowari za Wajerumani ziliingia bandarini Agosti 1885, zikaielekezea mizinga jumba lake. Waingereza, wale waliomwondolea Khedive, safari hii walimshauri akubali. Mwaka 1886 London na Berlin zilikubaliana baina yao kwamba bara yote si yake, na zikamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 kwa upana. Ukanda huo ndio tunaokaa sisi leo. Mwaka 1887 sehemu yake ya kaskazini, kuanzia Umba hadi Kipini, Mombasa ikiwamo, aliikodisha kwa kampuni ya Waingereza. Mwezi wa Machi 1888 alifariki, akiwa na miaka ipatayo 50.

Baada yake mambo yalikwenda mbio. Unguja ikawa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890. Mwaka 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga jumba la mfalme kwa muda usiofika saa moja, na katika muda huo mdogo mamia ya watu walikufa na majumba ya ufuo yakabomoka. Maji nayo yakawa kazi ya maofisa, yenye daftari na makadirio. Njia za maji ziliongezwa, lakini Mji Mkongwe ndio uliotangulia, na Ng'ambo, ambako watumwa waliopata uhuru na maskini wengine walijenga vibanda vyao vya udongo, ilibaki nyuma. Wajukuu wa wale waliopandisha maji ngazini walisimama foleni kwenye mfereji wa mtaa, ndoo mikononi.

Mombasa ilingoja zaidi. Wakoloni walipokuja na reli mwaka 1896 walikuta mji wa visima, na miaka ikapita kabla maji ya milima ya Shimba hayajavushwa hadi kisiwani. Yale ya Mzima yalikuja katika miaka ya 1950, kwa bomba refu kutoka Tsavo, nayo pia huteremka yenyewe kwa mwinamo wa nchi. Tokea hapo mji umekua mara nyingi, na visima vya misikiti, ambavyo wengine walitaka vifukiwe kwa kuonekana ni mambo ya kale, bado vinafunguliwa kila siku.

Akienda Unguja msomaji wetu, na apite mtaa wa Hamamni. Kuna hamamu ambazo Seyyid Barghash alizijenga kwa ajili ya watu wote mjini, kazi ya fundi Haji Gulamhussein, zenye chumba cha joto, chumba cha baridi, na njia za maji zilizofichwa chini ya sakafu ya mawe. Zilifanya kazi mpaka mwaka 1920. Mlinzi hufungua mlango kwa ada ndogo, nawe huingia ukapita chumba baada ya chumba katika kivuli chenye ubaridi, ukishuka vidato kuingia katika birika zilizo kavu.